Fransiska na Kanyagio la Wawa

Lori la vipuri lilipouacha Mlima Hanang nyuma na kuingia kwenye tambarare ya Basotu, Shumbana alisimama, akashika ubao wa lori, akautafuta mji. Ilikuwa siku yake ya pili tangu Arusha, amekalia kreti ya mikanda ya kombaini, na kila mara dereva alipopaza sauti kwamba wamekaribia, yeye alijijengea mji kichwani: maduka matatu, msikiti mdogo, hoteli ya chai yenye redio. Alichokiona ni ngano. Ngano mbele, ngano kulia, ngano kushoto, na alipogeuka nyuma, ngano mpaka miguuni mwa mlima, ikiinama yote kwa pamoja upepo ulipopita.

"Mji uko wapi?" alimuuliza kibarua aliyeketi juu ya gunia.

"Mji tumeuacha Katesh," alijibu yule kibarua. "Wewe ulikuwa umelala, mdomo wazi."

Wengine wakacheka, kisha wakaendelea kuzungumza Kiiraqw. Shumbana alikuwa mtu wa lugha saba. Alizaliwa Kondoa kwa wauza nguo, akafanya kazi Tanga, Mombasa, Kampala na Bujumbura, na popote aliposhuka alikuwa na neno la kuanzia. Hapa hakuwa nalo. Alidhani wanamcheka yeye kwa viatu vyake vyeupe, na kweli walikuwa wanamcheka yeye kwa viatu vyake vyeupe.

Huo ulikuwa mwezi wa Julai mwaka 1984, mavuno yakianza. Alikuwa ameitwa kuwa fundi wa vyombo wa Masuke Jazz, bendi ya wafanyakazi wa shamba, na barua iliyomwita ilikuwa na sentensi moja aliyoisoma mpaka karatasi ikachakaa penye mkunjo: mwezi wa Agosti bendi itakwenda Dar es Salaam kurekodi redioni, na katika gari kuna nafasi moja ya fundi. Shumbana alijua utaratibu wa redio. Muziki ukiisha, mtangazaji husoma majina, mwimbaji fulani, solo fulani, na mwisho kabisa fundi mitambo. Mama yake kule Kondoa hufungua redio kila jioni. Kwa miaka kumi na minne ya kuhamahama Shumbana hakuwahi kumpelekea kitu anachoweza kuwaonyesha majirani. Jina lake likisomwa mara moja tu lingetosha.

Kiongozi wa bendi alikuwa Hermani, dereva wa kombaini na mpiga solo, mtu mrefu mwenye vumbi la ngano kwenye nyusi hata siku za Jumapili. Alimwonyesha magitaa matatu, amplifaya mbili na dramu, halafu akafungua gunia.

"Na huyu hapa ndiye mgonjwa wetu."

Lilikuwa kanyagio la wawa, kisanduku cha chuma kikubwa kama kiatu, juu yake bamba linaloinama mbele na nyuma. Waya wa gitaa unaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kwenda kwenye amplifaya. Mpigaji akikanyaga kwa vidole sauti inafunguka, akirudi kwa kisigino inajifunga, na akifanya haraka gitaa linasema wa-wa-wa kama mtoto anayeanza kuongea. Mkanada mmoja, fundi wa matrekta, ndiye aliyeliacha alipomaliza mkataba wake.

"Zamani lilikuwa likisema," Hermani alieleza. "Sasa linakohoa tu."

Shumbana akalegeza skrubu nne, akaangalia ndani, akaangua kicheko.

"Nani katia grisi humu?"

"Karakana," alisema Hermani bila aibu. "Lilikuwa linalia likikanyagwa. Kwetu kitu kinacholia kinatiwa grisi."

Kombaini zingewashukuru, lakini ndani ya kanyagio mna kipande cha kaboni kinachogeuka chini ya bamba, na grisi ilikuwa imekishika kipande hicho, ikashika na vumbi la ngano la misimu mitatu.

"Mmelipikia ugali," Shumbana aliwaambia, na kwa mara ya kwanza tangu afike walicheka naye.

Alilisafisha kwa spiriti na mswaki siku nzima. Akatengeneza swichi ili gitaa lipite moja kwa moja wakati wawa haihitajiki, maana hapo awali kanyagio lilikuwa linanyonya sauti hata likiwa limezimwa. Betri ya mraba haikupatikana mwaka ule Arusha wala Singida, hivyo akaunga betri sita za tochi ndani ya boksi la viatu. Mwisho akabadilisha kapasita moja, kile kidude kidogo kinachochuja sauti ipi ipite, ili sauti iwe kali, kama alivyozoea kusikia kwenye mabendi ya Mombasa. Alikuwa na haki ya kujivuna, na alijivuna.

Jumamosi alasiri walilijaribu kwenye kantini ya shamba. Vibarua wa mavuno walijaa, wa Nambis, wa Dongobesh, wa Dirma, wengine wakiwa bado na magunia mabegani. Hermani akakanyaga. Sauti ikatoka nyembamba na kali. Waliokuwa wanacheza wakapunguza mwendo, wakatazamana. Mlinzi mmoja mzee, Theodory, akanyanyua fimbo yake.

"Fundi! Huyo mbuzi kabanwa na mlango. Mfungulie, mwanangu!"

Kantini nzima ikavunjika kwa kicheko. Shumbana alitabasamu kama watu wa mjini wanavyotabasamu wakichekwa, huku akiwahesabu wanaocheka. Mmoja hakucheka, mwanamke aliyefunga kitambaa cha bluu, amesimama karibu na spika akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Wimbo ulipokwisha alikuja moja kwa moja.

"Habari za kazi, kaka. Kusafishika, limesafishika. Hilo lazima tukushukuru. Lakini linafungukia juu mno. Mdomo wa mtu haufungukii huko."

"Dada, wewe ni nani?"

"Fransiska Bura. Wa redio ya upepo."

Mashamba yalikuwa saba, yametawanyika, na simu hazikuwapo. Kila siku saa moja asubuhi yalizungumza kwa redio ya upepo: ni kombaini ngapi zimeamka, nani kaumia, dizeli imebaki kiasi gani. Aliyeketi katikati ya mazungumzo hayo alikuwa Fransiska. Alikuwa binti wa wakulima wa Nambis, amekuja shambani akiwa na miaka kumi na tisa kung'oa magugu, akapandishwa kuwa mfagiaji wa ofisi. Siku moja mpokeaji wa redio alishikwa na homa ya matumbo, mashamba yakaita na kuita, na mfagiaji akaweka ufagio chini akajibu. Meneja alipofika alimkuta ameshaandika taarifa za mashamba yote kwa penseli, ukutani, kwa sababu hakuthubutu kugusa daftari. Hiyo ilikuwa miaka tisa nyuma. Mitambo ilipoharibika alijifunza kuitengeneza mwenyewe, kwa kuwa fundi wa Arusha alikuja mara mbili kwa mwaka na mara zote alikuja na haraka. Babati ndio ulikuwa mwisho wa dunia aliyoiona. Shumbana alipoambiwa hayo alijisikia vizuri kidogo.

"Basi dada Fransiska," alisema, "njoo Jumatatu utufundishe midomo."

Alikusudia kejeli. Fransiska akaja Jumatatu kweli.

Alikuja na jiko la mkaa, chuma cha kuchomelea kikiwa ndani ya makaa, na redio ndogo iliyokufa ambayo mtu aliiangusha kisimani. Alifungua kanyagio, akakipima kile kisongo cha waya kinachoitwa koili, akatikisa kichwa. Kiini cha koili kilikuwa kimepasuka. Ndani ya redio iliyokufa akang'oa transfoma ndogo kama punje ya hindi, akakata nyaya asizozihitaji, akaifunga mahali pa ile koili. Shumbana, ambaye alipita miji minne yenye mafundi wa kila namna, hakuwahi kufikiria kitu kile, na alikasirika kwa sababu mara tu alipokiona kilikuwa dhahiri.

Ikabaki kapasita. Fransiska alikuwa na sita kwenye kopo la kiwi. Alichomelea moja, akamwambia Hermani apige noti ileile bila kuacha, akaliinamisha bamba kwa mkono wake mwenyewe polepole, huku yeye akifunga midomo na kuvuma: mmmm, kisha akiifungua: aaa. Hapana. Akang'oa. Ya pili. Mmmm, aaa. Hapana.

"Unaimba nini?" Shumbana aliuliza.

"Siimbi. Kwetu wazee wakiomba, mmoja anasema na waliokaa wote wanamwitikia kwa kuvuma, midomo imefungwa, halafu inafunguka. Ukiwa nje ya nyumba husikii maneno, unasikia pale tu midomo inapofunguka. Hapo ndipo ninapopatafuta."

Kapasita ya tano ilipoingia, Hermani alipiga noti ileile kama alivyoipiga mara mia, kisha mkono wake ukasimama wenyewe. Aliangalia kanyagio, akamwangalia Fransiska, akarudia. Gitaa lilivuma chini, zito, likafunguka taratibu kama mtu anayekubali jambo. Nje ya dirisha vibarua wawili waliokuwa wakipakia magunia wakaitikia, bila kujua wanaitikia nini.

"Huyu ndiye," alisema Hermani kwa sauti ya chini. Halafu akapaza: "Jamani, huyu ndiye!"

Shumbana alipiga makofi pamoja na wengine. Viganja vyake vilifanya kazi hiyo peke yake, maana yeye mwenyewe alikuwa mahali pengine, ana kwa ana na kitu alichokifahamu tangu utoto, siku kaka yake aliposifiwa dukani kwa kupima kitambaa kwa jicho. Wivu wake haukuwa wa kelele. Ulikuja kama baridi ya Basotu, kwanza kwenye vidole. Alijiambia kwamba spiriti ilikuwa yake, swichi ilikuwa yake, betri sita zilikuwa zake. Alijiambia kwamba mtu asiyeijua hata Moshi hawezi kuijua sauti. Halafu Hermani akapiga tena, na Shumbana akatamani kuwa na sikio lile kiasi cha kulichukia.

Wiki tatu zilizofuata kila kitu kilimwongezea kidonda. Watu waliacha kuliita kanyagio la Mkanada, wakaliita la Fransiska. Mzee Theodory alimsimamisha njiani, Shumbana akampa shikamoo yake, na mzee akajibu, "Marahaba, fundi. Mbuzi wetu kafunguliwa, eh?" Kantini ilijaa mpaka watu wakasimama nje. Hermani akaanza kusema waziwazi kwamba kiti cha fundi kwenye gari ni cha Fransiska, na kwamba Meneja atalisikia kanyagio mwenyewe siku ya Jumatano na kuamua.

Jumapili kabla ya Jumatano ile wote walikwenda misani. Shumbana, ambaye misa haikumhusu, alibaki na ufunguo wa stoo. Alikaa kwanza mlangoni juani, akila makande ya jana, akijiambia kwamba anapumzika. Kisha akaingia, akalegeza skrubu nne.

Hakuvunja kitu. Baadaye alijisifia jambo hilo, kana kwamba ni wema. Alitoa kapasita ya Fransiska, akarudisha ile yake kali, akaichomelea vizuri, akafunga. Ile ya Fransiska akaitia kwenye mfuko wa shati. Hesabu yake ilikuwa rahisi: Jumatano mbuzi atalia mbele ya Meneja, Fransiska atababaika, fundi aliyezunguka miji atasogea, atafungua, atarekebisha kwa dakika tano, na kila mtu ataona ni nani wa kusafiri naye.

Jumatano saa kumi Meneja aliketi mbele kwenye kiti cha ofisini, mikono juu ya tumbo. Aliitwa Alfredi, mtu wa taratibu, anayependa kila jambo liwe na mtu wa kuliwajibikia.

"Haya, Ndugu Hermani. Tusikie hilo linalonimalizia muda wa wafanyakazi."

Hermani akakanyaga. Mbuzi akalia.

Nyuma ya kantini mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Hermani alikanyaga tena, jasho likimtoka. Shumbana alihesabu moja, mbili, akainuka. Lakini Fransiska alikwishapiga magoti sakafuni na bisibisi.

"Kaka Shumbana," alisema bila kugeuka, "nishikie tochi."

Hakuna aliyewahi kukataa kushika tochi. Alipiga magoti kando yake, akamulika. Kifuniko kikatoka. Fransiska aliangalia ndani kwa muda usiozidi pumzi mbili. Yeye alichomelea kwa risasi aliyoikwangua kwenye redio mbovu, na maungio yake yalikuwa ya kijivu, yenye mabonge. Yale mawili ya kapasita sasa yaling'aa kama maji. Risasi ya namna hiyo shambani ilikuwa ya mtu mmoja tu, aliyekuja nayo kutoka Mombasa.

Shumbana akaanza kuuhamisha mwanga wa tochi pembeni. Fransiska akaushika mkono wa Shumbana, akauweka sawa, kama mtu anavyoweka sawa taa mezani.

"Kuna nini?" aliuliza Meneja.

"Kapasita haifai, Ndugu Meneja. Kuna nyingine." Akachukua chuma kwenye makaa, akang'oa ile inayong'aa, kisha akanyoosha kiganja kitupu kuelekea kwa Shumbana, macho yake yakiwa bado ndani ya kisanduku. "Nipe ile uliyonitunzia."

Shumbana alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akaitoa, akaiweka pale kiganjani. Watu zaidi ya themanini walimwona akifanya hivyo, na hakuna hata mmoja aliyeona kitu.

Gitaa lilipovuma tena, kantini iliitikia. Hata Meneja alitoa mikono tumboni. Aliuacha wimbo uishe, akakohoa.

"Ni kweli. Huyu aende. Lakini redio ya upepo nitamwachia nani kwa mwezi mzima, mavuno yakiendelea? Bila mtu wa redio, Ndugu Fransiska haondoki. Huo ndio uamuzi wangu."

"Kaka Shumbana anaweza," alisema Fransiska.

Vichwa vyote vikageuka. Shumbana alisema atafikiri. Meneja akampa hadi kesho yake, baada ya zamu ya asubuhi.

Fransiska alikuwa anamwagia maji makaa nyuma ya kantini Shumbana alipomfuata.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja wangekufukuza. Ukifukuzwa wewe, nabaki mimi hapa na redio ya upepo."

"Ni hivyo tu?"

"Ulitaka iweje?"

"Nilidhani umenisamehe."

"Nani kakwambia nimekusamehe?" Alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Nakuhitaji, kaka. Ni kitu kingine kabisa. Njoo kesho saa moja kasorobo, na usivae hivyo viatu, sakafu ina dizeli."

Usiku ule Shumbana alikuwa na furaha chungu. Alikuwa na neno moja mkononi, hapana, na neno hilo lingemfungia Fransiska hapa hapa kwenye ngano. Kiti cha kwenye gari kingebaki kitupu, na kiti kitupu hutafutiwa fundi. Aliajiriwa kwa vyombo vya muziki, nani angemlaumu?

Saa moja kasorobo alikuwa ameketi kwenye chumba cha redio, vipokea sauti masikioni, viatu akiwa ameazima. Fransiska alisimama nyuma yake, sikio lake likiwa karibu na sikio la Shumbana. Saa moja ilipogonga mashamba yakaanza kuita. Shumbana alijua redio. Alijua kufungua na kufunga kila moja iliyotengenezwa. Alichosikia sasa ni mchanga ukimwagwa juu ya bati, na ndani ya mchanga ule, mbali sana, mtu akigombana.

"Shamba la tano," alisema Fransiska kwa upole. "Kombaini namba nne imekata mkanda. Anayeongea ni Basili, ana mafua. Anauliza mikanda imekuja? Mwambie imekuja na lori, yeye atume mtu."

"Umesikia yote hayo?"

"Wewe hukusikia?"

Mchanga ukamwagika tena. Shumbana aliubana mpira wa vipokea sauti mpaka sikio likauma, na hakupata hata jina. Huyu mwanamke alikuwa akitoa sentensi nzima mahali ambapo yeye hakuona hata herufi. Alimgeukia akautazama uso wake, umetulia, kope zimeshuka nusu, na wivu ukamjia upya, wote. Lakini safari hii ulikuja na swali. Sikio hili kalipata wapi? Hakulipata Mombasa. Hakuna mji uliompa. Lilitengenezwa hapa, kwenye kiti hiki cha mbao chenye mguu mmoja mfupi, asubuhi kwa asubuhi, kwa miaka tisa.

Meneja alipofungua mlango na kuuliza, Shumbana alikuwa ameshaamua, na si kwa wema: alilitaka sikio lile.

"Nitakaa, Ndugu Meneja."

"Vizuri. Mwezi mmoja."

"Nitakaa," alirudia Shumbana, bila kutaja mwezi.

Fransiska alimwangalia kwa namna ambayo huenda ilikuwa shukrani na huenda ilikuwa tahadhari. Akavuta daftari karibu naye, akamwonyesha mahali pa kuandika.

Bendi iliondoka Jumanne iliyofuata. Land Rover ililetwa mbele ya ofisi tangu alfajiri, amplifaya zikafungwa kwa blanketi, kanyagio likawekwa mapajani mwa Fransiska kwa sababu hakuruhusu liwekwe penginepo. Alikuwa amevaa gauni jipya na koti la Hermani juu yake. Mama zake wadogo walikuja kutoka Nambis kumsindikiza, wakamshika mikono, wakamwambia ajihadhari na maji ya Dar es Salaam na wanaume wake.

Shumbana hakutoka. Ilikuwa saa moja, na mashamba yalikuwa yanaita. Kwa dirisha dogo aliona kitambaa cha bluu kikiinama, na Fransiska akagonga kioo kwa kifundo cha kidole.

"Usibane masikio," alisema kutoka nje. "Ukibana unasikia damu yako mwenyewe. Legeza."

"Nenda, utachelewa."

"Shamba la pili wanasema haraka. Usiwakimbize, wacha waseme."

"Fransiska, nenda."

Akaenda. Injini ikanguruma, watoto wakapiga kelele, gari likageuka kuelekea Katesh na vumbi likapanda mpaka dirishani. Shumbana alilegeza mpira wa vipokea sauti. Mchanga ulimwagika juu ya bati, ukapungua, ukamwagika tena, na mtu wa shamba la pili akasema jambo refu, kwa haraka, lenye namba ndani yake. Shumbana aliweka ncha ya kalamu kwenye daftari, akabonyeza kitufe.

"Rudia," alisema. "Sikukusikia. Rudia polepole."